Kusoma Upesi na Kufahamu: Habari za Ufundi Huu Tangu Asili Yake

Mwalimu akisimama nyuma ya darasa la Kidato cha Kwanza hapa Bariadi, akawaambia watoto wasome kimya ukurasa mmoja wa Kiingereza, ataona mambo matatu. Kwanza, midomo yao yatembea. Pili, vidole vyao vyafuata mstari neno kwa neno, tena vyarudi nyuma mara kwa mara. Tatu, wakiisha kumaliza, wengi hawawezi kueleza waliyoyasoma, ijapokuwa hapana neno walilolipita bila kulitamka. Na katika chumba cha mtihani mambo hayo matatu huzaa la nne: saa hutimia, karatasi hukusanywa, na mtoto angali katika swali la sita. Huyo hakushindwa kwa kutojua hesabu wala elimu ya viumbe. Alishindwa kwa kuwa alikuwa bado akisoma. Na kwa kuwa katika sekondari zetu za serikali karibu kila somo, ila Kiswahili chenyewe, hufundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza, asomaye Kiingereza kwa shida hapotezi somo moja. Ayapoteza yote pamoja.

Kwa hiyo nimetafuta vitabuni nijue ni watu gani walioanza kupima mwendo wa msomaji, na walipata nini, na katika hayo waliyoyapata ni yapi yatufaayo sisi wa Mkoa wa Simiyu. Nawaandikia walimu wenzangu, na wazazi pia, maana siku hizi wako watu wengi wauzao ufundi wa kusoma upesi, wakiahidi kwamba mtu atameza kitabu kizima kwa nusu saa. Mnunuzi yampasa ajue asili ya mali anayouziwa.

Watu wa kale walisoma kwa sauti. Augustino, katika kitabu cha maungamo yake, asimulia jinsi alivyostaajabu kumkuta Ambrosio, Askofu wa Milan, akisoma bila kutoa sauti hata kidogo. Hiyo ilikuwa karne ya 4, na jambo ambalo kwetu ni la kila siku lilikuwa kwake kioja. Katika vyuo vya pwani yetu vilevile mtoto huanza kwa kutamka herufi za Kiarabu, akaisoma Kurani kwa sauti, na maana huja baadaye kwa mwenye kuitafuta. Huko Buganda, katika miaka ya 1880, waliofuata mafundisho ya wamisionari waliitwa wasomaji, kwa maana kusoma na kuingia dini vilikuwa jambo moja. Na katika nchi ambayo leo ni mkoa wetu, kituo cha kale cha Nassa, kando ya Ziwa Victoria, katika wilaya ya leo ya Busega, kilikuwa cha C.M.S. hata mwaka 1909, kilipokabidhiwa kwa Africa Inland Mission. Mahali pote hapo mtu alisoma ili asikike. Aliyesimama mbele ya wenzake akatamka bila kukwama ndiye aliyehesabiwa kuwa msomi, wala hapana aliyemwuliza amechukua dakika ngapi.

Desturi hiyo haikuwa mbaya kwa lugha zetu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, na Kisukuma karibu sawasawa. Mtoto akiisha kushika ba, be, bi, bo, bu na ndugu zake, aweza kulisoma neno lo lote, hata asilolijua. Lakini mlango uo huo uliomwingiza kwa upesi katika Kiswahili wamfungia Kiingereza. Mwambie asome though, kisha through, kisha tough, kisha cough. Mikia ni mmoja, na sauti ni nne. Silabi zake zamsaliti. Kila neno ageni kwake ni kama daraja lililong'oka ubao: asimama, apima, arudi nyuma, ajaribu tena, na afikapo ng'ambo amesahau alikuwa akienda wapi.

Walioanza kuutazama mwendo wa macho kwa njia ya elimu walikuwa Wafaransa. Mnamo miaka ya 1878 na 1879 Bwana Louis Émile Javal, mganga wa macho wa Paris, aliandika makala juu ya kusoma, na kutokana na kazi iliyofanyika katika chumba chake watu walipata kujua jambo ambalo hapana msomaji aliyepata kulihisi: macho hayatelezi juu ya mstari kama mtumbwi juu ya maji. Huruka, hutua, huruka tena. Baadaye Mmarekani mmoja, Edmund Burke Huey, alitengeneza kikombe kidogo cha plasta kilichowekwa juu ya jicho lenyewe, kikaunganishwa na kijiti chepesi cha aluminiamu, na kijiti hicho kikachora mruko wa jicho juu ya pipa lililopakwa masizi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1908. Nikisoma habari za kikombe kile machozi hunitoka, lakini bila mateso ya watu wa namna hiyo tusingalijua neno.

Tangu siku zile vyombo vimeendelea sana, na mambo yaliyothibitika ni haya. Jicho la msomaji wa Kiingereza aliye hodari hutua kama robo ya sekunde, kisha huruka herufi 7 au 9 hivi. Linapotua huona wazi sehemu ndogo tu, na upande wa kuume hupata habari za herufi 14 au 15, wala si zaidi. Katika miruko 100, kama 10 au 15 ni ya kurudi nyuma. Mwaka 2019 Bwana Marc Brysbaert wa Ubelgiji alikusanya vipimo vya watafiti wengi, akaona kwamba mtu mzima asomaye kimya kitabu cha habari katika Kiingereza, lugha yake mwenyewe, huenda kwa maneno 238 kwa dakika. Hicho ndicho kipimo cha mtu mwenye kusoma vema, si cha mvivu.

Sasa swali kubwa ni hili: kasi hiyo hutoka wapi? Je, ni machoni au ni akilini? Mchungaji wa Kisukuma akiona ng'ombe ng'ambo ya mto Simiyu, hahesabu miguu wala hapimi pembe. Husema mara moja, yule ni wa fulani, tena amemkimbia mwenzake tangu asubuhi. Mgeni aliyefika jana hawezi, wala hataweza kwa kuambiwa akodoe macho. Macho yao ni sawa. Mmoja amewaona wale ng'ombe siku nyingi, na mwingine hajawaona. Watu walichukua karibu miaka 100 kulijibu swali hilo la macho na akili, wakagawanyika njia mbili.

Waliofuata njia ya akili walianza mapema. Mwaka 1917 Edward Thorndike wa New York aliwapa watoto wa shule vifungu vifupi na maswali, kisha akayachunguza makosa yao moja moja. Akaona kwamba kusoma ni kazi ya kufikiri iliyo sawa na kutatua hesabu: mtoto hukosa kwa sababu amelipa neno moja uzito mwingi na jingine ameliacha, si kwa sababu ameshindwa kulitamka. Baada ya hapo shule za Marekani zikaanza kuacha kusoma kwa sauti peke yake, zikafundisha kusoma kimya.

Lakini mtu aliyewahusu zaidi watoto walio kama wetu alikuwa Mwingereza mmoja katika Bara Hindi, Bwana Michael West, mkuu wa chuo cha walimu cha Dacca katika Bengal. Kitabu chake kikubwa juu ya jambo hili kilitoka mwaka 1926. Aliwatazama watoto wa Bengal wakihangaika na Kiingereza, akauliza swali ambalo wakubwa wengi wa elimu hawapendi kuuliza hata leo: mtoto atakayeacha shule kabla ya kumaliza, atakuwa amepata nini? Kama miaka yake mitatu imepita katika kanuni za sarufi na kuimba maneno asiyoyaelewa, ameondoka mikono mitupu. Lakini akiwa amejifunza kusoma, hata kidogo, ameondoka na kitu atakachoweza kukiendeleza mwenyewe nyumbani.

Basi Bwana West akavichunguza vitabu vya kusomea vilivyokuwako, akaona kwamba maneno mapya yamesongamana kama mbegu zilizomwagwa shimo moja. Akavipanga upya: pasiwe na neno jipya ila katika kila maneno 50 au 60 hivi ambayo mtoto ameyajua, na kila neno jipya lirudiwe mara nyingi. Tena aliyaweka maswali kabla ya kifungu, si baada yake, ili mtoto asome akitafuta jambo. Watu wengi walimbeza kwa kuwa hadithi zake zilikuwa nyepesi mno. Nami naona wepesi huo ndio ulikuwa dawa yenyewe. Miaka 74 baadaye, mwaka 2000, Marcella Hu na Paul Nation walipima ni maneno mangapi msomaji sharti ayajue ili aifahamu hadithi peke yake bila msaada, wakapata 98 katika kila 100. Msomaji afanye hesabu mwenyewe: neno moja jipya katika 50 ni nini, kama si 98 katika 100? Yule wa Dacca alikuwa ameifikia hesabu hiyo kwa kuwatazama watoto.

Waliofuata njia ya macho walipata sifa kubwa zaidi, kama iwavyo sikuzote kwa wauzao mambo ya ajabu. Wakati wa vita vya pili vya dunia Samuel Renshaw, wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliwafunza wanamaji wa Marekani kuzitambua ndege kwa kuwamulikia picha zake ukutani kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Wanamaji walifaulu. Vita vilipokwisha watu wakasema, ikiwa jicho laweza kuzoezwa kuitambua ndege, kwa nini lisizoezwe kumeza mstari mzima wa maandishi? Vyombo vya kumulika maneno vikauzwa kwa shule. Kisha mwaka 1959 mwalimu mmoja wa Utah, Bibi Evelyn Wood, alifungua mafunzo yake katika mji wa Washington. Alifundisha watu kupitisha mkono juu ya ukurasa na kuyafuatisha macho, wasitamke neno moyoni, na walitangaziwa kwamba watapita maneno elfu na zaidi kwa dakika. Wakubwa wengi walijifunza kwake, na Rais Jimmy Carter alikuwa mmoja wa walioyafuata mafunzo hayo.

Mwaka 2016 Keith Rayner na wenzake wanne, watu waliotumia maisha yao katika kuyapima macho ya wasomaji, waliitoa hukumu yao juu ya mambo haya yote. Rayner mwenyewe alikuwa amekwisha kufariki mwaka uliotangulia. Walisema kwamba hapana njia ya kuzidisha mwendo mara mbili au tatu na kubaki na ufahamu ule ule. Aendaye mbio huacha vitu njiani. Aruke, ndiyo, ikiwa anatafuta jina au tarehe, au ataka kujua kitabu chahusu nini. Huo ni ufundi mzuri, nao wafaa kufundishwa. Lakini si kusoma. Wakaongeza kwamba sauti ile ndogo isemayo ndani ya moyo wa msomaji humsaidia kufahamu, wala si adui wa kufukuzwa. Na atakaye kuongeza mwendo wake, ayajue maneno mengi zaidi ya lugha ile, asome sana.

Nalitaja hilo la sauti ya ndani kwa makusudi. Nimemsikia mwalimu akiwaamuru watoto waume kalamu kwa meno ili midomo isitikisike. Watoto wale walisoma kwa uchungu, na hapana aliyefahamu zaidi. Midomo hutulia yenyewe maneno yakizoeleka; kuifunga kwa nguvu ni kama kumzuia mgonjwa asikohoe na kusema amepona kifua.

Baina ya njia hizo mbili alisimama mtu mmoja ambaye historia yake yatuhusu sisi wa Afrika Mashariki kuliko wengine wote, nami nashangaa kuona jinsi asivyotajwa katika vyuo vyetu. Mwaka 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru wake, Mmarekani Edward Fry alikuwa Uganda kwa msaada wa Fulbright, akiwasaidia walimu wa Kiafrika waliokuwa wakifundisha Kiingereza. Huko Makerere, Januari ya mwaka huo, palikuwa pamefanyika mkutano mkubwa wa nchi za Jumuiya ya Madola juu ya kufundisha Kiingereza kwa watu wa lugha nyingine. Na baadhi ya mambo yaliyokubaliwa humo, hasa imani kwamba Kiingereza hufunzwa vema kwa Kiingereza peke yake, yalikuja kupingwa vikali na Robert Phillipson mwaka 1992. Fry hakushughulika sana na imani. Alishughulika na kipimo.

Tabu ya walimu wale ilikuwa tabu yetu. Walikuwa na vitabu vilivyotoka ng'ambo, wala hawakuwa na njia ya kujua kipi chafaa darasa gani. Basi Fry akawatengenezea mchoro. Mwalimu achukue vipande vitatu vya kitabu, mwanzo, katikati na mwisho, kila kimoja cha maneno 100. Ahesabu sentensi zilizomo, ahesabu na silabi. Kisha atazame penye mchoro mistari miwili inapokutana, ataambiwa kitabu hicho ni cha wasomaji wa mwaka wa ngapi. Sentensi zikiwa ndefu na maneno yakiwa marefu, kitabu ni kigumu. Hana haja ya chombo wala ya fedha. Penseli na robo saa zatosha. Mwaka 1963 alitoa vitabu viwili vilivyopigwa chapa na Cambridge, kimoja cha walimu na kimoja cha mazoezi ya kusoma upesi kwa wanafunzi ambao Kiingereza si lugha yao, na mwaka 1968 mchoro wake ukatangazwa kwa walimu wa Marekani. Huko ulienea mno, ukatumiwa katika shule na vyumba vya vitabu pande zote. Fry alifariki mwaka 2010. Chombo kilichozaliwa kwa shida ya walimu wa Uganda kilivuka bahari kikapata heshima kule, na sisi tuliokuwa jirani wa kuzaliwa kwake twachagua vitabu kwa rangi ya jalada.

Kwetu Tanzania mambo yalikwenda hivi. Tangu mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za serikali, nacho Kiingereza kikabaki somo moja miongoni mwa masomo, mpaka mtoto avukapo kizingiti cha sekondari, ndipo ghafula kikawa lugha ya masomo. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu ilishauri Kiswahili kiendelee hata sekondari. Shauri hilo halikufuatwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wa nchi hii, wakaandika pasipo kuficha kwamba Kiingereza cha sekondari hakikutosha hata kidogo kwa kujifunzia masomo mengine. Mwaka 1987 ukaanzishwa mradi kwa msaada wa Uingereza wa kutegemeza ufundishaji wa Kiingereza, na sehemu yake kubwa ilikuwa kuzipelekea sekondari vitabu vyepesi vya hadithi, vilivyopangwa kwa daraja za ugumu, ili wanafunzi wasome vingi kwa furaha. Hilo lilikuwa wazo la Dacca likirudi kwa njia ya meli. Walakini mradi una tarehe ya mwisho, na kabati lina kufuli. Katika shule moja niliyopata kufundisha nalikuta hadithi nyepesi kama arobaini zimefungiwa katika kabati la ofisi. Nikauliza kwa nini. Nikajibiwa kwamba wanafunzi wakipewa watavichakaza. Vilikuwa safi kabisa, na mchwa ndio waliokuwa wasomaji wake.

Mkoa wetu ulizaliwa mwezi wa Machi mwaka 2012, Bariadi ikawa makao yake makuu. Ni nchi ya pamba na ng'ombe, na watoto wengi hujua Kisukuma tu siku wanapoingia shule. Kwao Kiswahili ni lugha ya pili na Kiingereza ni ya tatu, jambo ambalo waandishi wa mitaala walio pwani husahau upesi. Katika miaka ya 2014 hata 2020 mpango wa EQUIP-Tanzania ulifanya kazi katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo, na miongoni mwa kazi zake palikuwa na madarasa ya kuwatayarisha watoto wasiojua Kiswahili kabla ya darasa la kwanza. Mwaka 2015 nao ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliokazia Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Na Bwana Anthony Mtaka, aliyekuwa Mkuu wa Mkoa tangu 2016 hata 2021, alianzisha kambi za kitaaluma, ambamo wanafunzi wa madarasa ya mitihani walikusanywa wakasoma pamoja usiku na mchana. Kambi zile ziliwapa watoto wetu kitu ambacho nyumbani hawana, nacho ni saa. Maana mtoto arudiye jioni akakuta ng'ombe wamngoja na taa haina mafuta, atasoma lini? Kambi ni mahali pa kujibu maswali, nayo ni haki yake. Neno langu ni kwamba ndani ya saa hizo nyingi ingefaa nusu saa tu ya kila siku iwe ya kusoma Kiingereza chepesi, kisicho na swali la mtihani.

Hapa sharti niseme jambo juu ya kuhesabu maneno, kwa sababu hesabu hii hukosewa sana. Baada ya upimaji wa mwaka 2013 kiliwekwa kipimo cha mtoto wa darasa la pili, kwamba asome maneno 50 ya Kiswahili kwa dakika. Wengine hukichukua kipimo hicho, wakakilinganisha na vipimo vya watoto wa Uingereza, wakalia kwamba wetu ni wazito. Si haki. Neno moja la Kiswahili, kama nitakapowaona, limebeba nafsi, wakati, mahali pa jambo katika mwendo wa hadithi, na watu watakaoonwa. Mwingereza huhitaji maneno matano kusema neno hilo: when I shall see them. Mwaka 2012 yalitolewa matokeo ya upimaji wa watu wazima wa lugha 17, wakisoma kwa sauti vifungu vyenye maana ile ile. Waingereza walipata maneno 228 kwa dakika, Wafini 161. Je, Wafini ni wajinga? Hasha, lugha yao, kama yetu, huunganisha mambo mengi katika neno moja refu. Basi mwalimu apimaye mtoto katika Kiingereza amlinganishe na mtoto yule yule wa mwezi uliopita, wala si na mtoto wa London.

Zoezi lenyewe, kama lilivyofanywa na Fry na waliomfuata, ni rahisi. Kitwaliwe kifungu cha maneno 500 ambacho karibu kila neno lake wanafunzi wamekwisha kulijua. Hilo ndilo sharti la kwanza, na mwalimu asiyelitimiza asiendelee. Wanafunzi wote huanza pamoja. Mwalimu husimama ubaoni na saa yake, huandika muda kila baada ya sekunde 10. Amalizaye huinua macho, huandika muda aliouona, hufunika kifungu, kisha hujibu maswali 10 bila kutazama nyuma. Aliyetumia dakika 5 amesoma maneno 100 kwa dakika; aliyetumia dakika 4 amesoma 125. Kila mtoto ana daftari lenye safu mbili, moja ya mwendo na moja ya majibu sahihi. Akipata 7 au 8 katika 10, juma lijalo ajaribu kwenda upesi kidogo. Akipata 10 kila mara, anakawia pasipo sababu, aambiwe hivyo. Akishuka chini ya 6, apunguze mwendo.

Nasema safu mbili, kwa kuwa iko hatari. Watoto wetu wapenda mashindano, na ukiwaandikia ubaoni safu ya mwendo peke yake, kwa muda mfupi utapata darasa la watu wapitishao macho juu ya karatasi wakitangaza maneno 400. Kila mtu ashindane na daftari lake. Na siku ya kwanza maswali yawekwe mbele ya kifungu, kwa desturi ya West, ili watoto wazoee kusoma wakitafuta; baadaye yahamishwe nyuma.

Mwalimu mwenzangu ataniambia, nami nasikia kabla hajasema: darasa langu lina watoto wengi na vitabu vichache, hivyo vifungu 20 vya maneno 500 nitavipata wapi? Kwa huyo iko njia ya Jay Samuels wa Marekani, aliyeitangaza mwaka 1979. Ni kukisoma kifungu kifupi kimoja mara tatu au nne, mpaka mwendo upande na kukwama kuishe, ndipo kufuata kingine. Samuels aliona kwamba kila kifungu kipya kilianza kwa mwendo ulio juu kuliko kile kilichotangulia, na marudio yaliyohitajika yakapungua. Njia hii haina gharama. Kati ya zote nilizozitaja ndiyo niipendayo zaidi kwa shule za Itilima na Meatu, ambako kitabu kimoja huzungukwa na vichwa vitano, ingawa najua wenye kupenda mambo mapya wataiona kuwa ya kizamani, kwa kuwa yafanana na bibi zetu waliotusimulia hadithi ile ile kila usiku.

Tena vifungu vyaweza kuandikwa hapa hapa. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aweza kuandika kwa Kiingereza chepesi habari za kuchuma pamba, au za soko la Bariadi, au za fisi aliyeingia zizini. Mwalimu akasahihisha, akahesabu maneno mpaka 500, akakipima kwa mchoro wa Fry, akatunga maswali 10. Kipande kama hicho chaingia katika kurasa mbili za daftari, na wanafunzi kumi wakinakili kwa saa moja ya jioni, asubuhi Kidato cha Kwanza wana nakala kumi za kuanzia.